Simu ya Viziwi Hupimwaje?



Mama akimtuma mtoto dukani hamwachi aondoke hivi hivi. Humwambia, "Haya, sema nimekutuma nini." Mtoto anajibu, "Sukari nusu kilo, chumvi pakiti moja, na kiberiti." Mama akisikia vyote vitatu anamwacha aende. Akisikia viwili tu, anarudia.

Mama huyo anafanya kazi ile ile inayofanywa na mafundi wanaopima simu za maandishi. Mafundi hao hutuma maneno wanayoyajua, hutazama yamefikaje upande wa pili, halafu huhesabu yaliyopotea njiani. Tofauti ni kwamba fundi hakai hapo kurudia rudia. Kazi hiyo amepewa mashine, nayo huifanya usiku na mchana bila kupiga miayo.

Leo tunataka kueleza kazi hiyo. Tutaieleza kwa mfano wa Marekani, maana huko ndiko simu hizi zilikoanza na ndiko zilikotumika sana.

Tunaposema simu ya maandishi hatuna maana ya ujumbe mfupi tunaoandikiana siku hizi kwa simu za mkononi. Tuna maana ya mashine yenye vibonye vya herufi kama taipu, inayotumia laini ya kawaida ya simu. Kiziwi anapiga chapa herufi, na mwenzake aliye mji mwingine anazisoma papo hapo, moja baada ya nyingine.

Mwanzo wake ulikuwa mwaka 1964 katika jimbo la California. Robert Weitbrecht alikuwa mtaalamu wa fizikia, naye alikuwa kiziwi. Rafiki yake James Marsters alikuwa daktari wa meno, naye kiziwi. Pamoja nao alikuwepo Andrew Saks, mhandisi na mfanyabiashara, naye pia kiziwi. Simu ilikuwa imekwisha kuwako kwa miaka zaidi ya themanini, lakini wao hawakuweza kuitumia. Mtu akitaka kumwona rafiki yake ilimpasa aende hadi mlangoni kwake, na huenda asimkute.

Kulikuwa na mashine kubwa za kuandikia habari za simu, zinaitwa teleprinta, ambazo makampuni yalikuwa yanazitupa kwa uzee. Weitbrecht alitengeneza kifaa cha kuziunganisha na simu. Kifaa hicho ni modemu. Kazi ya modemu ni kugeuza herufi kuwa mlio, na upande wa pili kugeuza mlio kuwa herufi. Laini ya simu iliwekwa ipitishe sauti ya mtu, haijui herufi. Basi herufi ilibidi ivikwe nguo ya sauti.

Siku hizo kampuni ya simu ya Marekani ilikataza mtu kufunga kifaa cha kwake kwenye waya zake. Kwa hiyo modemu ya Weitbrecht haikugusa waya hata kidogo. Ilikuwa na vikombe viwili vya mpira, na mkonga wa simu ulilazwa juu yake. Kikombe kimoja kilipiga mlio, kingine kilisikiliza. Katazo lile lilivunjwa na uamuzi wa serikali mwaka 1968. Lakini viziwi walikuwa wameanza kuzungumza miaka minne kabla, kati ya Redwood City na Pasadena, kilometa kama 500 kwenda kusini.

Vidole vitano

Ili tuelewe kinachopimwa, hebu nyosha mkono wako mmoja. Unavyo vidole vitano. Kila kidole unaweza kukisimamisha au kukikunja. Ukijaribu kila namna, utapata namna 32 za kuuonyesha mkono, wala hutapata ya 33.

Hivyo ndivyo simu ya maandishi ya Marekani inavyoandika. Kila herufi ni vidole vitano. Kidole kilichosimama ni mlio wa chini, wenye mitetemo 1,400 kwa sekunde. Kidole kilichokunjwa ni mlio wa juu, wenye mitetemo 1,800. Herufi E ni kidole gumba peke yake. Herufi T ni kidole cha mwisho peke yake. Kila kidole kinachukua sehemu 22 za sekunde iliyokatwa vipande elfu. Ukiongeza milio ya kuanzia na kumalizia, zinapita herufi kama sita kwa sekunde moja. Si mwendo wa kasi, lakini unamtosha mtu anayepiga chapa.

Sasa ipo hesabu isiyolingana. Herufi za Kiingereza ni 26, tarakimu ni 10, na bado kuna nukta, mkato na alama ya kuuliza. Namna 32 hazitoshi. Waliotunga utaratibu huu walitumia ujanja: kila mkono una maana mbili, moja ya herufi na moja ya tarakimu. Mkono wa T ni huo huo wa 5. Wa O ni huo huo wa 9. Wa P ni sifuri. Wa E ni 3. Mashine inajuaje isome ipi? Hutanguliwa na alama ya kubadili. Vidole vyote vikisimama isipokuwa cha katikati, maana yake ni "kuanzia hapa soma tarakimu." Vyote vitano vikisimama, maana yake ni "rudi kwenye herufi."

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme nyumba ya mtu inawaka moto, na namba yake ni 5903. Anapiga simu ya hatari, ambayo Marekani ni 911, na kuandika namba hiyo. Laini inakwaruza kidogo tu, alama ya kubadili inapotea. Tarakimu nne zote zimefika salama, hakuna hata moja iliyoguswa. Lakini upande wa pili zinasomwa TOPE.

Mtu anayesikia, laini ikikwaruza, hupaza sauti: "Haloo! Haloo! Hebu rudia, sikusikia!" Kiziwi hasikii mkwaruzo. Kwenye mashine yake anaona 5903 aliyoiandika mwenyewe, safi kabisa. Hana njia ya kujua kwamba mwenzake amesoma TOPE. Kwa sababu hiyo laini lazima ipimwe kabla ya siku ya moto.

Imla ya mashine

Sisi tunaofundisha watu wazima tunaijua imla. Mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, halafu mwalimu anasahihisha kwa kulinganisha na kitabu. Upimaji wa simu za maandishi ni imla tupu. Kompyuta moja huwekwa mwanzo wa laini, nyingine mwisho wake. Au huwa moja tu yenye laini mbili, inajipigia simu yenyewe kupitia mtandao mzima, kama mtu anayejiandikia barua na kuipeleka posta ili aone itarudi lini.

Programu inapiga namba. Inasubiri ipokelewe, nayo inaandika imesubiri sekunde ngapi. Kisha inatuma maandishi ambayo pande zote mbili zinayajua. Upande wa pili unaandika kila ulichopokea, kibaya na kizuri. Simu inakatwa. Programu inalinganisha, inaandika makosa kwenye daftari lake, halafu inapiga tena. Saa nane za usiku inapiga, saa nne asubuhi inapiga, jioni watu wanapojaa kwenye simu inapiga. Laini iliyo nzuri alfajiri inaweza kuwa mbovu magharibi, na asiyepima ila mara moja hawezi kujua.

Maandishi ya kutuma huchaguliwa. Mafundi wa teleprinta wa zamani walikuwa wakituma R na Y, R na Y, mistari mizima. Kwa nini hizo? Rudi kwenye mkono wako. R ni kidole cha pili na cha nne. Y ni cha kwanza, cha tatu na cha tano. Ukizipokezanisha, kila kilichosimama kinakunjwa na kila kilichokunjwa kinasimama. Hakuna kidole kinachopumzika, na palipo na ulegevu pataonekana. Lakini RYRY haina tarakimu, wala haigusi ile alama ya kubadili tuliyoiogopa. Kwa hiyo jaribio zuri huchanganya maneno na namba, maneno na namba, kama mtu anavyoandika anwani yake.

Pengine utauliza, kwa nini asikae mtu tu akasoma? Watu wamefanya hivyo kwa miaka, na bado wanafanya. Ila macho ya mtu yana huruma. Ukipokea NJOO HRAKA, utasoma "njoo haraka" na kusema simu ni nzima. Hukudanganya, akili yako imejaza pengo bila kukuuliza. Hata sisi walimu tukisahihisha daftari la thelathini usiku, makosa mengine yanatupita. Mashine haina huruma hiyo. Herufi A imepotea, basi imepotea, inaandikwa kosa moja. Na kwenye namba za nyumba hata akili ya mtu haisaidii, maana ukipokea 5908 badala ya 5903 hakuna kitu cha kukushtua.

Kusahihisha kwenyewe kuna utaalamu wake. Tuseme umetuma KESHO, ikafika KSHO. Ukilinganisha herufi kwa herufi, ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, utaona K ni sawa, na zote zilizobaki ni makosa. Utamwandikia mwanafunzi makosa manne, kumbe ameruka herufi moja tu. Programu iliyotungwa vizuri hutafuta kwanza namna ya kuyapanga maneno mawili sambamba ili tofauti iwe ndogo kuliko zote, ndipo ihesabu. Inatenga pia aina ya kosa: herufi iliyopotea, herufi iliyogeuka nyingine, na herufi iliyozuka yenyewe bila kutumwa. Zinazozuka mara nyingi ni kelele. Kwenye zile modemu za vikombe vya mpira, hata kelele za chumbani ziliweza kupenya na kusomwa kama herufi.

Kipimo kilichozoeleka Marekani ni kwamba makosa yasizidi herufi 1 katika kila 100. Tuseme zimetumwa herufi 2,000, na makosa ni 14. Hiyo ni chini ya 1 katika 100, laini imefaulu. Lakini sisi tungemwomba fundi atuonyeshe yale 14 yako wapi. Kama mawili kati ya hayo ni alama za kubadili, zimeharibu namba mbili nzima. Jumla haisemi kila kitu.

Kuharibu kwa makusudi

Jambo ambalo huwashangaza watu ni kwamba mpimaji mzuri huiharibu laini kwa mkono wake. Kati ya kompyuta mbili huweka kifaa cha kutia kelele, cha kupunguza sauti, cha kuchelewesha, au cha kurudisha mwangwi. Mwangwi ulimsumbua hata Weitbrecht. Kwenye laini za mbali mlio uliotumwa ulirudi ulikotoka, na mashine ikadhani mwenzake anajibu. Ilibidi atengeneze kifaa chake kiweze kuushinda.

Kanuni ya kuharibu ni ile ile ya shamba la majaribio. Bwana shamba akibadili mbegu na mbolea siku moja, mavuno yakiongezeka hajui ashukuru nini. Anabadili kimoja, anaacha kingine. Vivyo hivyo mpimaji anatia kelele kidogo, anapiga simu 50. Anaongeza, anapiga 50 nyingine. Anaendelea hadi aone pale maandishi yanapoanza kuvurugika. Sasa anajua laini ina akiba ya kiasi gani kabla ya kushindwa. Kazi ya namna hii mtu angeichoka siku ya kwanza.

Njia mpya, ubovu mpya

Wengi tungefikiri kwamba mitambo ya kisasa ingeondoa taabu hizi. Kwa simu za maandishi mambo yalikwenda kinyume.

Simu za mkononi za dijitali zilipoenea Marekani katika miaka ya 1990, zilikuja na ujanja wa kubana sauti. Hazitumi sauti yako yote. Zinachukua zile sehemu zinazofaa kwa sauti ya mwanadamu, na upande wa pili zinaijenga upya. Sauti ya shangazi yako inafika ikifanana na ya shangazi yako, na wewe unaridhika. Lakini mlio wa mitetemo 1,400 siyo shangazi. Mtambo unaulazimisha ufanane na sauti ya mtu, na herufi zinafika zimevurugika. Simu ile ile iliyokuwa safi kwa masikio ilikuwa haifai kwa maandishi. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliwataka wenye mitandao wairekebishe, ikaahirisha zaidi ya mara moja, na mwisho ikaweka tarehe 30 Juni 2002 kuwa siku ambayo mitandao hiyo iwe na uwezo wa kupitisha simu za maandishi kwenda 911.

Kisha simu zikaanza kupita kwenye intaneti. Huko sauti hukatwa vipande, kila kipande kikatiwa kwenye pakiti yake, na mara nyingi kipande kimoja ni sehemu 20 za ile sekunde iliyokatwa vipande elfu. Pakiti moja ikipotea, mtu anayesikia hata hajui. Sasa kumbuka kidole kimoja cha herufi ni sehemu 22. Pakiti moja iliyopotea ni karibu kidole kizima. Herufi moja, pamoja na mwanzo na mwisho wake, hubebwa na pakiti kama nane. Basi zikipotea pakiti huku na kule, moja katika kila 100, zinaguswa herufi kama 8 katika kila 100. Kwa masikio huo ni mtandao mzuri. Kwa kipimo chetu cha herufi 1 katika 100, umeshindwa vibaya sana. Bila kupima ungeambiwa laini ni nzima, na aliyekuambia angekuwa anasema kweli kwa upande wake.

Ulaya walikuwa na taabu nyingine juu ya hiyo. Kila nchi ilichagua simu yake ya maandishi. Wajerumani walikuwa na utaratibu wao, Wafaransa walitumia mashine yao ya Minitel hadi ilipofungwa mwaka 2012, wengine walitumia milio ile ya vibonye vya simu. Kiziwi wa nchi moja akimpigia wa nchi nyingine, mashine zililiana tu bila kuelewana. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la mawasiliano lilitoa utaratibu unaoitwa V.18, ambao mashine husikiliza kwanza mlio wa mwenzake, inatambua ni wa kabila gani, ndipo ijibu kwa lugha hiyo. Upimaji wake ni mgumu zaidi, kwa sababu mashine lazima ijaribiwe na kila kabila, na mara nyingine mwenzake apige kwanza, mara nyingine akae kimya.

Dawa iliyopatikana baadaye ni kuacha milio kabisa. Mwaka 2016 ile Tume ya Marekani iliwaruhusu wenye mitandao ya simu za mkononi watumie maandishi ya papo hapo, ambayo herufi husafiri kwenye pakiti zikiwa herufi, bila kuvikwa sauti. Tena utaratibu wake unashauri kila pakiti irudie herufi za pakiti zilizotangulia. Ikipotea moja, inayofuata inaleta yake na ya mwenzake. Yule mtoto wa dukani naye hufanya hivyo, anakwenda njiani akirudia: "sukari, chumvi, kiberiti, sukari, chumvi, kiberiti."

Viziwi wengi wa Marekani leo wanatumia simu za picha na ujumbe wa mkononi. Hata hivyo simu za maandishi za zamani hazijaisha, na ziko katika nyumba ambazo laini yake imehamishiwa kwenye intaneti bila mwenyewe kujua kilichobadilika. Kwa hiyo upimaji unaendelea.

Simu isiyosema

Kuna kitu kimoja ambacho kompyuta mbili haziwezi kupima, nacho ni mtu aliyekaa mezani katika kituo cha 911.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za walemavu inavitaka vituo hivyo vipokee simu za maandishi moja kwa moja, bila kumtuma kiziwi kwingine. Sasa fikiri mpokeaji anainua simu, anasema "Haloo," hasikii kitu. Anasema tena, kimya. Wengi wetu tungekata tukidhani ni watoto wanachezea simu. Lakini huenda ni kiziwi, ameketi anatazama mashine yake, anangoja herufi za kwanza zitokee ili ajue amepokelewa. Ndiyo maana Wizara ya Sheria ya nchi hiyo imeviambia vituo kwamba kila simu ya kimya ijibiwe kwa maandishi pia, na kwamba wapokeaji wapimwe kwa simu za majaribio za aina mbili: inayolia milio ya mashine, na ile isiyotoa sauti yoyote.

Katika jaribio hilo la pili mpimaji hana la kufanya. Amepiga, simu imepokelewa, naye anatazama kioo cha mashine yake na saa ya ukutani. Herufi zikitokea, anaandika ni baada ya sekunde ngapi. Simu ikikatwa, anaandika hivyo, halafu anapiga tena zamu nyingine ikiingia.